Mgeni Hatwikwi Mzigo Mlangoni

Boila ilifika ikivutwa na maksai, na aliyewaswaga maksai hao alikuwa Jilala.

Ilikuwa miaka ya vita ya Hitla. Treni iliishusha Isaka, ikaiacha kando ya reli kama mzoga wa kiboko, na kutoka hapo hadi kwenye kilima kilichoko ng'ambo ya Bugarama hapakuwa na lori lililothubutu kuibeba. Wenye mgodi wakatuma watu Shinyanga kutafuta mtu wa ng'ombe. Wakamleta Jilala, kijana wa ukoo uliokuwa na ng'ombe wengi kuliko maneno, pamoja na maksai wake wa rangi zote.

Walipita Kahama, wakaingia mbugani, na udongo mweusi ukaanza kuyameza magurudumu. Kila lilipozama gurudumu, watu walipiga kelele na mijeledi. Jilala hakupiga kelele. Aliwaacha maksai wasimame mpaka waupime mzigo kwa mabega yao, kisha akatamka neno moja kwa sauti ya chini, na chuma kile chote kikang'oka topeni. Aliamini tangu utoto wake kwamba nguvu ya kweli huonekana pale kazi inapoanza. Kukimbia, hata swala anakimbia. Kuondoka na mzigo kutoka topeni ndiko kuwa fahali.

Walipofika kilimani wakamuuliza kama anataka kurudi kwao. Akasema, ngoja kwanza aone huyu mzee wa chuma, ambaye yeye amemvuta njia nzima, anafanya kazi gani. Akakaa kuona, na hakurudi tena.

Mzee huyo walimpa jina la Fahali. Tumbo lake lilijazwa maji, chini yake wakawasha kuni, na maji yalipochemka hata yakakosa pa kukaa, mvuke ulipita kwenye bomba ukaenda kuisukuma pistoni, huku na huku, huku na huku. Pistoni ilizungusha gurudumu zito, gurudumu likazungusha mkanda, na mkanda ukainua michi ya chuma iliyotwanga mawe ya dhahabu ndani ya kinu. Kwa mama yeyote wa kijijini hapakuwa na ajabu: ni chungu juu ya mafiga, ila kifuniko kimefungwa, na hasira ya chungu imepewa kazi.

Jilala alianza kwa kupanga kuni, akawa mchochezi, kisha akawa mwenye Fahali. Alimwamsha kabla jogoo hawajachoka kuwika, kwa maana Fahali hakuwa wa kuamshwa kwa haraka. Moto ulitaka kuongezwa polepole, la sivyo vyuma vingelia. Lakini akishaamka! Michi yote ilikuwa imelala kinuni tangu jana, mizito, na mawe yamejaa chini yake. Jilala alifungua valvu kwa kiganja kimoja, na Fahali aliinuka nayo yote kwa pamoja, bila kukohoa. Hapo ndipo Jilala alipovuta kamba ya firimbi, na mlio ukavuka mabonde hadi mashamba ya watu ambao hawakuwahi kuuona mgodi. Walipanda na kuvuna kwa mlio huo. Na kwa sababu ya moshi uliokuwa ukionekana kutoka mbali, kambi ile ikaitwa Moshini.

Jioni, maji ya moto yaliyobaki yalitolewa kwa bomba la nyuma. Mbuke, mke wa Jilala, ndiye aliyesimamia foleni ya madebe, kwa ukali ambao hata mnyapara hakuwa nao. Hapakuwa na mwanamke Moshini aliyewaogesha watoto kwa maji baridi.

Lakini kila moshi ni mti. Miombo iliyokuwa imesimama mlangoni pa nyumba ya injini ilirudi nyuma mwaka hadi mwaka, kama watu wanaoondoka msibani bila kuaga. Mwanzoni kuni zililetwa kwa kichwa, baadaye kwa mkokoteni, na mwishowe mikokoteni ilikuwa ikilala njiani. Kilima kikabaki uchi. Siku moja ya kiangazi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Bwana Meneja alisimama mbele ya Jilala akiwa ameshika kofia mkononi, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa dalili ya habari nzito.

"Jilala, injini ya dizeli inakuja. Fundi wa Dar es Salaam atakuja nayo, atakaa mpaka mvua zianze. Atafundisha mtu mmoja. Kama mtu huyo akiweza kuiwasha mwenyewe na kuendesha kinu kutwa bila kusimama, nyumba ya injini ni yake. Kama hawezi, nitaleta mtu kutoka Mwanza."

"Na asiyeweza?"

"Atakata miti ya kujengea. Au atarudi kwao."

"Basi usihangaike na Mwanza, Bwana," alisema Jilala. "Mtu mwenyewe ni mimi."

Hakusema kwa kujigamba. Alisema kama mtu anayetaja jina lake. Usoni hakuonyesha lolote, lakini usiku ule hakula. Nyumbani kwao ng'ombe walikuwa chini ya kaka yake sasa, na yeye angerudi kuwa nani huko? Mtu aliyeita watu wa mabonde yote kwa firimbi, arudi kuomba ndama?

Fundi alifika juu ya lori, amekaa kwenye kasha la mbao, kofia nyeupe ya vitone kichwani, miguu ikining'inia. Jina lake Hatibu, kutoka Maneromango. Jilala aliposikia Maneromango, uso ulimkunjuka.

"Mzaramo?"

"Mzaramo wa kuzaliwa. Na wewe?"

"Msukuma."

Hatibu aliruka chini, akamzunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Alhamdulillahi! Nimemkuta mtumwa wangu akiwa hai. Babu yako alimbebea babu yangu pembe mpaka pwani, na mizigo mingine aliitupa njiani akakimbia. Nimekuja kuidai."

"Babu yangu aliitupa kwa sababu babu yako alikuwa amekaa juu yake anakula mihogo," Jilala akajibu. "Shusha kasha lako, mla mihogo. Na usimtazame Fahali vibaya, hajazoea watu wavivu."

Watu wakacheka wakapumua. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu zamani za misafara. Mtani hutukana na hakasirikiwi, huchukua kitu chako na hanyimwi, na siku ya msiba wako ndiye anayeshika kazi huku akiwatania wafiwa. Kambi nzima ikajua kuwa kiangazi kile hakitakuwa na ukimya.

Dizeli ilifungwa juu ya saruji katika kibanda kipya, hatua chache kutoka kwa Fahali. Jilala aliizunguka mara kadhaa. Ilikuwa fupi, nene, ya kijani, na haikuwa na mlango wa kuni popote.

"Moto uko wapi?" akauliza.

"Tumboni."

"Nani anauwasha?"

"Hakuna."

"Mtani, nimekuuliza kwa heshima."

Hatibu alikwenda kwenye baiskeli ya mnyapara, akaichukua pampu, akaziba tundu kwa kidole na kusukuma kwa nguvu, tena na tena. "Shika hapa mwisho." Jilala akashika, akauondoa mkono upesi. Chuma kilikuwa cha moto.

"Hewa ikibanwa hupata joto," alisema Hatibu. "Hiyo ni pampu ya baiskeli tu. Pistoni hii inaibana hewa mpaka ukiipulizia mafuta yanawaka yenyewe, bila kiberiti. Yanapowaka yanaisukuma pistoni. Basi. Fahali wako moto wake uko nje; anapika uji, anausubiri uive, ndipo anakunywa apate nguvu. Huyu wangu anakula mbichi, anapikia tumboni."

"Mlafi," akasema Jilala.

"Mlafi, lakini hatumi watu porini kutwa kutafuta kuni za kupikia uji. Debe la mafuta kwake ni msitu wa wiki kwako."

"Na akiishiwa debe? Mimi Fahali akiishiwa nakata mti. Wewe utakata nini? Utakwenda Dar es Salaam na shoka?"

Hatibu akadai maji ya kunywa. Walibishana hivyo siku zote walizofanya kazi pamoja, na katikati ya ubishi huo Jilala alijifunza. Alijifunza kuizungusha hendeli bila kuikumbatia kwa kidole gumba, maana ikirudi nyuma huvunja mkono. Alijifunza kusikiliza. Fahali alipumua, dizeli ilipiga, kama moyo wa mtu aliyetoka mbio. Alijifunza pia zile puli mbili pacha, magurudumu ya kupitishia mkanda: moja ilizunguka bure bila kazi, ya pili ilikuwa imeshikana na kinu, na mkanda ulihamishwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwa kusukuma mti mrefu. Hatibu alimwambia zaidi ya mara moja: iache kwanza izunguke bure, na michi iwe imening'inizwa.

Jilala alisikia. Ila moyoni aliona haya kwa niaba ya injini ile. Injini gani hii inayoanza kazi bila kazi? Maksai hafungwi nira akazungushwa uwanjani bila gari ili watu wamshangilie. Mbuke naye alikuwa na kesi yake. Alikuja na debe tupu, akasimama mlangoni mwa kibanda.

"Shemeji Hatibu, hiki chako kinatoa maji ya moto?"

"Kinatoa nguvu, shemeji."

"Nguvu nitamwogeshea nani?"

Siku ya majaribio ilipofika, watu waliacha kazi kuja kutazama. Bwana Meneja alikuwepo. Jilala alivaa shati lake la kwendea Kahama. Aliagiza michi yote iachwe chini kinuni, kwenye mawe, kama Fahali alivyozoea. Hatibu akamtazama, akataka kumzuia, akajirudi. Fundi haingilii mtihani wa mwanafunzi mbele ya tajiri.

Jilala alishika hendeli, akaizungusha mara chache kwa mabega yote, akaachia, na dizeli ikaitika mara ya kwanza. Tu! Mlio mmoja, wa pili. Hakungoja. Alitaka wote waone ikiinuka na mzigo kama dume. Akausukuma mti, mkanda ukarukia puli ya kazi.

Dizeli ikatoa moshi mweusi, ikatetemeka hata saruji ikalia, ikakoroma, ikafa. Mkanda uliruka kutoka kwenye puli, ukapiga ukuta wa bati, ukalala sakafuni kama nyoka aliyeuawa. Michi haikuinuka hata kidogo. Mtu mmoja nyuma akacheka, na wote wakacheka.

"Jumatatu," alisema Bwana Meneja akivaa kofia. "Mara ya mwisho, Jilala. Baada ya hapo naagiza mtu wa Mwanza."

Jilala alirudi nyumbani akapita katikati ya foleni ya madebe bila kumwona mtu. Aliketi kwenye kigoda, akawa anatazama mikono yake. Ilikuwa mikono iliyojua. Namna gani imdanganye mbele ya watu?

Jua lilikuwa bado juu ya kilima Hatibu alipokuja. Mbuke alikuwa amemwalika tangu asubuhi, kuku yuko tayari amefungwa miguu, na kisu pembeni ili mgeni amchinje mwenyewe kwa dini yake. Hatibu alipiga hodi, na mguu wake mmoja ulikuwa bado nje ya kizingiti Jilala aliporuka.

"Injini yako imekufaje? Ulifunga nini ndani yake? Kwa nini haikuinua? Sema!"

"Baba Limi!" Mbuke alikuwa ameshika mwiko, akaunyoosha kama fimbo. "Aibu gani hii? Mgeni hata hajaketi! Hujamsalimu, hujampa maji, hujamuuliza habari za alikotoka, unamtwika mzigo mlangoni? Hata kama ni Mzaramo!"

"Asante, shemeji," alisema Hatibu, "ingawa hilo la mwisho..."

Jilala alibaki amesimama. Alimtazama mkewe. Akamtazama Hatibu, mguu mmoja ndani, mmoja nje, hajui aingie au atoke, na nguvu zake zote hazina kazi kwa sababu hakupewa nafasi ya kuzikusanya. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ukutani.

"Mama Limi, rudia ulivyosema."

"Nirudie nini? Mgeni hatwikwi mzigo mlangoni!"

"Ndivyo," akasema Jilala. "Ndivyo ilivyo. Fahali ni mtu wa nyumbani. Nimemsalimu tangu alfajiri kwa kuni. Nikifika kufungua valvu, salamu zimekwisha zamani, nguvu zote zimekusanyika tumboni zinangoja neno. Huyu wako amelala baridi. Nguvu yake haipo mpaka azunguke. Mimi nimemkuta mlangoni, mguu mmoja nje, nikamrushia kinu kizima!"

Hatibu akaingia, akaketi bila kukaribishwa, kama mtani. "Nimekwambia wiki nzima."

"Uliniambia kwa Kizaramo, maneno mengi. Mke wangu ameniambia kwa mwiko."

"Basi nieleze mimi kwa Kisukuma, nione kama umeelewa."

"Mvuke ni Msukuma. Mpe mzigo akiwa amesimama, ataondoka nao. Dizeli ni Mzaramo: umsalimu, umpe kiti, umsikilize hadithi zake za pwani, achangamke. Ndipo umwoneshe jembe. Nalo umpe polepole, akiliona lote kwa pamoja atazirai."

"Mwongo," alisema Hatibu, akachukua kisu na kumfuata kuku. "Lakini injini umeielewa."

Jumatatu watu walikuja wengi zaidi, maana habari ya aibu hutembea kuliko habari ya sifa. Jilala hakuvaa shati la Kahama. Alikuwa amefika mapema akaining'iniza michi yote kwa magogo, na mkanda ulikuwa kwenye puli ya bure. Alipozungusha hendeli, dizeli ikaitika. Akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani.

"Mwangaluka," akaiamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika.

Watu wakatazamana. Dizeli ikapiga, tu-tu-tu, ikitafuta mwendo wake.

"Mhola? Habari za safari? Maneromango mvua zimenyesha?"

Sasa walikuwa wanacheka, ila si kicheko kile cha kwanza. Mzee mmoja akaitikia kwa niaba ya injini kwamba ni salama tu, "Mhola duhu!" Jilala hakuwa na haraka. Aliiuliza habari za mihogo, habari za wajomba, kama ilikunywa chai. Bwana Meneja alikuwa akiangalia saa. Hatibu alikuwa ameinama, mabega yanamtetemeka. Na wakati wote huo sikio la Jilala lilikuwa kwenye kifua cha ile injini, mpaka mapigo yakalingana, moshi ukawa mwembamba, na gurudumu zito likazunguka kwa ule wepesi wa kitu kizito kilichokwisha kukubali.

"Karibu kazini," akasema. Akausukuma mti taratibu. Mkanda ulisogea, ukanusa puli ya kazi, ukaishika. Mlio ulishuka kidogo, ukapanda tena. Akaashiria kinuni: gogo la kwanza likaondolewa, mchi wa kwanza ukaanguka, ukainuliwa. Wa pili. Kisha mingine, mmoja mmoja, mpaka ardhi ya Moshini ikatetemeka kama ilivyozoea.

Haikusimama kutwa. Machweo Bwana Meneja alipita, akaegemea mlango. "Nyumba yako, Jilala," akasema, akaenda zake.

Mtu anaweza kushinda na ushindi wake ukamtuma kuzika. Asubuhi iliyofuata Jilala alikwenda kwa Fahali, na kwa mara ya kwanza hakwenda kumwamsha. Alitoa majivu mpaka ya mwisho. Alifungua bomba la nyuma, maji yakatoka, vuguvugu, kisha baridi. Chuma kilipoa kikilia kidogo kidogo, kama nyumba ya mabati jua linapozama. Miombo ya kilima chote ilikuwa imepita katika kinywa kile, na sasa kinywa kilikuwa wazi, na hakikuwa na la kusema.

Alipogeuka, alimkuta Hatibu amejilaza chali mbele ya mlango wa kuni, mikono kifuani, kanga ya Mbuke ameifunga kichwani.

"Hazikwi mtu hapa!" alipiga kelele. "Marehemu alikula msitu wangu! Alikunywa mto wangu! Mpaka nipewe kuku ndipo nitoke kaburini. Na wafiwa walie vizuri, huyu Msukuma analia kama anapiga miayo!"

Watu walijaa. Jilala alikuwa akilia kweli, na alikuwa akicheka kweli, na hapo ndipo alipojua utani uliwekwa kwa ajili gani. Mbuke alileta kuku. Marehemu akasamehewa madeni yote.

Lakini Mbuke alikuwa amekuja pia na debe. "Mmezika," alisema. "Watoto wataoga nini?"

Hatibu, bado na kanga kichwani, alimshika mkono akampeleka nyuma ya kibanda cha dizeli. Kulikuwa na tanki kubwa. Maji yake yalizunguka kupitia ndani ya injini ili kuipoza, yakirudi juu yakitoa mvuke mwembamba. Mbuke akachovya kidole, akakitoa upesi.

"Kumbe na huyu anachemsha!"

"Moto ni moto, shemeji. Uwe nje, uwe tumboni, haukosi kuvuja."

"Na ulininyima wiki zote hizi?"

"Nilikuwa naona haya kukwambia bwana harusi wangu anatoka jasho."

Mvua za kwanza ziliponyesha, lori likaja kumchukua Hatibu. Alipanda juu, akakaa pale pale alipokuja amekaa, na lori lilipoanza kuondoka akatoa kitu mfukoni akakinyanyua juu. Kilikuwa cha shaba, kinang'aa. Firimbi ya Fahali.

Jilala alipiga hatua mbili, akasimama. Mtani hanyimwi. Badala yake akaonyesha kilichokuwa kichwani mwake mwenyewe, kofia nyeupe ya vitone ya mtani wake, na Hatibu akajipapasa upara kwa mshangao.

Halafu Hatibu aliiweka firimbi mdomoni, akajaza mashavu, akapuliza kwa nguvu zake zote. Ilitoa pumzi tu.

"Mzaramo!" alipaza sauti Jilala, mpaka waliokuwa mashambani wakainua vichwa. "Hiyo inataka kuni! Haitaki maneno!"

Lori likapotea kwenye kona. Kibandani dizeli ilikuwa ikipiga vizuri, tu-tu-tu. Jilala akaiweka sawa kofia ya pwani kichwani, akarudi ndani ya nyumba yake ya injini kumuuliza mgeni kama anahitaji kitu.